Hakuna aliyempiga, lakini ameacha masomo



Wenye kupanga bulletin hii walituomba sisi makapita tuandike neno juu ya wakubwa wanaoonea wadogo. Wengi watafikiri tutasema juu ya ngumi. Lakini tukitazama vizuri, ngumi si neno kubwa hapa kwetu Bogoro. Mwanafunzi akimpiga mwenzake, midomo inavimba, direkta wa disiplini anaitwa, wazazi wanafika, na maneno yanakwisha mbele ya jua kushuka. Ngumi ina dawa yake. Sisi tunataka kusema juu ya kile kisichovimbisha kitu, ambacho mwalimu akipita karibu haoni alama yoyote, na mtoto anakufa masomo polepole huku watu wote wanacheka.

Tuchukue mfano mmoja. Jina la mtoto hatutaji, na klasi yake hatutaji. Alifika na mama yake kutoka kambi ya wakimbizi, na mbele ya kambi walikuwa na kijiji ambacho sasa hakina paa. Siku ya kwanza alikuja na mfuko wa kaye ulioshonwa na mama yake katika kipande cha shitingi, ile turubai wanayogawia watu kambini. (Mfuko mzuri, tuseme kweli. Mvua ya Aprili haikuingia ndani, wakati kaye za wengi zililoa mpaka wino ukakimbia.) Wavulana wawili waliona mfuko, na mmoja akasema: "Shitingi amefika." Klasi ikacheka. Basi lilikuwa jina.

Hawa wawili hawakumgusa hata siku moja. Mvua ikianza, mmoja anasema kwa sauti: "Tuingie chini ya Shitingi!" Klasi inacheka. Mtoto akijibu vizuri swali la hesabu: "Shitingi amesoma kambini, kule wanahesabu maharagwe." Klasi inacheka. Kwenye bomba la maji wanamwachia fasi ya mwisho, kwa sababu "wakimbizi wamezoea kupanga mustari." Siku moja mwalimu mmoja, bila ubaya, kwa kufikiri kwamba ndilo jina la mchezo ambalo kijana amelichagua mwenyewe, alimwita ubaoni kwa jina lile. Tangu siku ile hata watoto wa klasi nyingine walilijua.

Katika trimestri ya pili hakurudi. Sasa anauza mafuta ya moto katika chupa kandokando ya barabara ya Kasenyi. Mama yake anafikiri ni sababu ya minervale, na kweli minervale ilikuwa na deni. Lakini watoto wengi hapa wana deni na wanarudi kila Jumatatu. Tulipomwuliza alijibu tu: "Mimi nimechoka na jina."

Mkifungua kaye ya disiplini ya trimestri ile, jina lake halimo. Majina ya wale wawili hayamo. Kwa karatasi, hakuna kitu kilichotokea.

Ndiyo sababu tunaomba kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Si kila ugomvi ni uonevu. Watoto wawili wa nguvu sawa wakigombania mpira, huo ni ugomvi, na kesho watacheza tena. Mtaalamu mmoja, Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi yake Bergen katika nchi ya Norvej, alitafuta maneno haya tangu miaka ya 1970. Alisema uonevu una alama tatu: unafanywa kwa kusudi la kuumiza, unarudiwa mara kwa mara, na anayeumizwa hana nguvu ya kujikinga mbele ya anayemwumiza. Nguvu si mikono tu. Kuwa wengi ni nguvu. Kuwa mwenyeji ni nguvu. Kuwa na baba mwenye ng'ombe ni nguvu, na kuwa kapita ni nguvu.

Sisi tuliosoma Biblia tangu shule ya Jumapili hatukuhitaji kungoja Mswidi. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, kuna Hana na Penina. Penina ana watoto, Hana hana. Penina anamchokoza kwa kusudi la kumwudhi, na anafanya hivyo mwaka kwa mwaka, kila wanapopanda kwenda nyumba ya Bwana. Alama zote tatu zimo. Hakuna ngumi hata moja katika hadithi ile, lakini Hana analia na hawezi kula. Tena tunaomba mtazame mume wake Elkana, mtu mwema, anayempenda. Anamwuliza kwa nini analia, kana kwamba hajui kinachotokea katika nyumba yake mwenyewe. Walimu wetu watusamehe, lakini Elkana ni wengi.

Sasa tuje kwa wenye kucheka, maana hapo ndipo tunaona moyo wa jambo.

Watu wengi wanafikiri uonevu una watu wawili: mwenye kuonea na mwenye kuonewa. Basi wanashauri yule wa kwanza apigwe fimbo na yule wa pili aambiwe ajikaze. Wataalamu wa Finlandi, pamoja na mwalimu Christina Salmivalli wa chuo cha Turku, walionyesha mwaka 1996 kwamba klasi nzima imo ndani. Kuna anayeanza. Kuna wanaomsaidia. Kuna wanaocheka na kupiga kelele, hawa hawagusi mtu lakini ndio mafuta ya taa. Kuna wanaogeuza uso na kujifanya wanasoma. Na kuna wachache wanaosimama na mwenye kuonewa. Finlandi ilichukua maneno hayo ikatengeneza mafundisho kwa klasi nzima, yanayoitwa KiVa, na tangu 2009 yalienea katika shule nyingi za nchi ile.

Huko Toronto, katika Kanada, wataalamu waliweka kamera katika uwanja wa mapumziko ili waone watoto wanafanya nini wakati wakubwa hawapo. Karibu kila mara mtoto alipoonewa kulikuwa na watoto wengine wanatazama. Na mara chache ambapo mmoja wa watazamaji aliingia kati, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikwisha ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Kufunga kamba za viatu kunachukua zaidi.

Turudi sasa kwa Shitingi. Wale wavulana walikuwa wawili. Klasi ina watoto zaidi ya hamsini. Kama siku ya kwanza watoto watano tu wangenyamaza bila kucheka, na mmoja akasema "Huyu ana jina lake," tunafikiri mchezo ungekufa pale pale. Mwenye kuonea anafanya kazi ya kulipwa, na kicheko ndicho mshahara wake. Olweus naye alikuta neno ambalo lilitushangaza. Watu husema kwamba mwenye kuonea ni mtu mwenye hofu ndani ya moyo anayejificha nyuma ya ukali. Yeye alipima, akaona kwamba kwa kawaida si hivyo: wengi wao hawana hofu kuliko wengine. Wanapenda kutawala, na wanaona faida. Basi tusipoteze muda mwingi kuwahurumia kabla ya kuwakatia faida.

Hapa tunajua jibu litakalotoka, maana tunalisikia kila siku: "Tuko nacheza tu." Utani ni kitu kizuri, na sisi watu wa Ituri tunao mwingi. Babu anamwita mjukuu wake mume mwenzake. Shemeji kwa shemeji wanatukanana mpaka mgeni anafikiri wanagombana. Lakini utani una sheria: yule unayemtania ana haki ya kukurudishia, mbele ya watu wale wale, na wewe unatakiwa kucheka. Je, Shitingi angeweza kuwarudishia wale wawili? Angewaambia nini? Kwamba wao wana nyumba? Mchezo ambao upande mmoja hauruhusiwi kupiga mpira si mchezo.

Juu ya wasichana tutasema kwa ufupi, kwa sababu dada zetu wanajua kuliko sisi. Kwao mara nyingi hakuna hata jina la kutaniwa. Kuna kunuliwa uso tu. Benchi ya watu watatu, na wawili wanasogea. Mmoja akichafua nguo yake siku za mwezi, habari inafika kwa wavulana mbele ya kengele. Na mwaka huu kumeingia simu: picha inapigwa kwa siri, inawekwa katika kundi la WhatsApp, na mtoto anaonewa mpaka nyumbani kwake, usiku, fasi ambayo zamani ilikuwa ya kupumzika.

Jibu la pili tunalolisikia ni hili: "Sisi pia tulipofika walitubatiza." Mnajua neno hilo. Kubatiza wapya ni kuwafanya waimbe mbele ya wakubwa, wabebe maji ya wakubwa, watoe biki na mikate, walale chini waseme "mimi ni mbwa." Inatushangaza kwamba katika masomo ya Kiprotestanti, ambapo ubatizo ni neno la mtoni na la toba, sisi tunalitumia kwa kumtia mtoto wa miaka 12 majivu kichwani. Tena si desturi ya babu zetu. Babu zetu walikuwa na njia zao za kuwapitisha vijana, na kila njia ilikuwa na wazee waliosimamia na siku yake ya mwisho. Hii ya kubatiza wapya ilikuja na masomo yenyewe, kutoka kwa wanafunzi wa Ubelgiji na Ufaransa. Wafaransa wenyewe waliifanya kuwa kosa la kuhukumiwa kwa sheria ya Juni 1998. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenyewe ameitupa.

Upande wa Kenya desturi hiyo ilitoka kwa Waingereza, na matunda yake yanajulikana. Alliance High School ya Kikuyu ilianzishwa mwaka 1926 na misioni za Kiprotestanti, na imewatoa mawaziri na majaji. Mwaka 2017 habari zilitoka kwamba wanafunzi wapya wanapigwa na kuteswa usiku, na kwamba makapita wamo ndani. Wizara ya elimu ikatuma watu kuchunguza, na mkuu wa shule akaacha kazi mbele ya wakati wake. Tunasema habari hii kwa sababu ile ni shule ya watoto wenye akili, wenye kuomba asubuhi na jioni. Kuomba hakukuwazuia.

Tena kuna habari mbaya zaidi, na wakubwa wa klasi za mwisho waisome mara mbili. Mei 1999, katika shule ya Nyeri, Kenya hiyo hiyo, wanafunzi waliwafungia makapita wanne chumbani usiku, wakamwaga petroli na kuwasha moto. Wote wanne walikufa. Hatusemi wale vijana wanne walikuwa waonevu. Hatusemi hata kidogo kwamba kitendo kile kina sababu ya kukubaliwa. Tunasema tu kwamba shule inapompa kijana uwezo wa kutawala kijana mwenzake, bila mtu mzima kutazama karibu, inapanda kitu ambacho haijui kitaota namna gani. Na wengi wetu makapita tuna miaka 18. Sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 inamkinga mtoto chini ya miaka 18 na ukatili wa kila namna. Kapita wa miaka 18 akimpiga mtoto wa mwaka wa saba, mbele ya sheria si wanafunzi wawili. Ni mtu mzima na mtoto.

Sasa tufike kwa lile ambalo linatufanya tuandike kwa uzito, kwa sababu tuko Bogoro, hatuko Norvej.

Wengi wetu tulizaliwa nyuma ya 2003. Lakini hakuna mtoto wa hapa asiyejua tarehe 24 Februari ya mwaka ule. Asubuhi na mapema wanamgambo waliingia Bogoro, na raia wengi waliuawa kwa risasi na panga. Katikati ya kijiji kulikuwa na kambi ya askari wa UPC, na kambi ile ilikuwa ndani ya shule, katika majengo ya Institut de Bogoro. Watu walikimbilia mule wakifikiri watapona, na wengi waliuawa mule, katika vyumba ambamo watoto walijifunza. Mahakama ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014, miaka 12 ya kifungo. Mathieu Ngudjolo, aliyeshitakiwa pamoja naye, mahakama ilimwachilia mwaka 2012. Mambo haya wazee wanayaongea kwa sauti ya chini na sisi tumekua tukiyasikia.

Machi 2017 majaji wa mahakama ile waliamua juu ya malipo. Waliwatambua wahanga 297, kila mmoja apewe dola 250 za alama, pamoja na misaada ya wote: nyumba, kazi za kujipatia chakula, masomo, na msaada kwa watu walioumia moyoni. Mlisikia hilo la mwisho? Mahakama kubwa ya dunia ilikaa ikahesabu hasara za Bogoro, na pamoja na nyumba zilizochomwa na ng'ombe walioibwa, iliandika maumivu ya moyo kuwa hasara ya kweli inayopaswa kutazamwa. Na sisi bado tunasema kwamba kama hakuna damu hakuna neno.

Hatusemi vita ilizaliwa shuleni. Vita ya Ituri ilianza 1999 kule Djugu kwa ugomvi wa mashamba, na watu wenye silaha, wenye siasa na wenye kutamani dhahabu waliikuza. Lakini waulizeni wazazi wenu, kila kabila, kama mbele ya bunduki hakukuwa na maneno. Watawaambia yalikuwapo. Kulikuwa na majina ya wanyama. Kulikuwa na "wale" na "sisi." Mtu hamwui jirani yake siku moja tu bila kwanza kumwondolea jina lake.

Na leo katika masomo haya wanakaa benchi moja watoto wa Wahema, wa Wangiti, wa Wabira, wa Walendu, wa Waalur na wengine. Jambo hilo ni kubwa, wageni wanaopita hawajui ni kubwa namna gani. Kuna watoto ambao baba zao hawasalimiani sokoni, lakini wao wanaazimana rula. Basi mtoto anaposema kwa mwenzake, wakati wa mpira, "Ninyi ndio muliua bamama zetu," na watu wanacheka au wananyamaza, sisi hatuwezi kuiita hiyo tuko nacheza. Mtoto aliyeambiwa vile alizaliwa miaka mingi nyuma ya siku ile. Hakuua mtu. Na yule aliyesema pengine kweli alipoteza bibi yake, naye ana jeraha ambalo hakuna mtu amelitazama. Wote wawili wanahitaji mtu mzima wa kukaa nao, na watakaopewa ni kicheko.

Vilevile kuna wale waliotoka msituni. Mnajua Thomas Lubanga alihukumiwa La Haye mwaka 2012 kwa sababu ya kutia watoto chini ya miaka 15 katika jeshi. Hiyo ilikuwa ya miaka ya 2002 na 2003, lakini nyuma yake vikundi vingine vya Irumu na Djugu viliendelea kuchukua watoto. Wengine walirudi, na baadhi yao waliomba kusoma tena. Kijana wa miaka 17 katikati ya watoto wa miaka 13 anaonekana tayari. Akiitwa "Kadogo" kila asubuhi, mnamfundisha kwamba kuna fasi moja tu ambayo jina hilo lilimpa heshima, na fasi ile iko nyuma ya mlima. Tunaogopa kusema zaidi, lakini tumesema.

Basi tufanye nini? Hatuna dawa kubwa. Tuna mambo machache ambayo tumeyaongea na makapita wengine, na tumepata ruhusa ya Prefe kuyaandika hapa.

Kubatiza wapya kukome. Septemba inayokuja kila mtoto wa mwaka wa saba atapewa mwanafunzi mmoja wa humanite awe mkubwa wake: amwonyeshe bomba, vyoo, maktaba, na njia ya kurudi nyumbani na nani. Mkubwa huyo ataandikwa jina, na mtoto wake akiacha masomo, ataulizwa mbele ya direkta sababu ni gani. Atakayetaka biki ya mpya, anunue yake.

Kapita asitoe adhabu yoyote. Aandike tu na kupeleka biroo. Wengine kati ya makapita hawakufurahi na neno hili, wakasema watoto hawatatuheshimu. Sisi tunajibu kwamba heshima inayokwisha siku fimbo inapochukuliwa haikuwa heshima.

Kwa walimu wetu tuna maombi matatu, na tunayasema tukiwa tumesimama wima na mikono nyuma. La kwanza, tafadhali mwiteni kila mwanafunzi kwa jina lililo katika orodha. La pili, majina ya wenye deni ya minervale yasisomwe tena mbele ya klasi. Barua iende kwa mzazi. Tunajua walimu nao wanaishi kwa ile minervale na mishahara inachelewa, hatulisemi kwa kuwadharau. Lakini orodha ile, mara inaposomwa, inageuka kuwa orodha ya majina ya kutania. La tatu, wakati wa mapumziko walau walimu wawili watembee nje, mmoja upande wa bomba na mmoja upande wa vyoo. Olweus aliona Bergen kwamba fasi ambapo walimu walikuwa wengi nje wakati wa mapumziko, uonevu ulikuwa kidogo. Norvej yenyewe ilianza kampeni mwaka 1983, nyuma ya wavulana watatu kujiua mwisho wa 1982, na katika shule za Bergen alizozifuata, zenye wanafunzi karibu 2,500, nyuma ya miaka miwili uonevu ulishuka karibu kwa nusu. Hawakutumia mali nyingi. Walitazama, waliongea na klasi, waliwaita wazazi, na walishika sheria moja kwa wote.

Na kwako mwanafunzi unayesoma hili ukiwa umekaa benchi ya nyuma, ambaye hujawahi kumtania mtu na hujawahi kumtetea mtu. Hatukuombi upigane. Hatukuombi hata useme. Siku mmoja akitoa jina la kuumiza, usicheke, basi. Tazama kaye yako. Ukiweza zaidi, nyuma ya kengele tembea na yule aliyetaniwa mpaka barabarani, mwongee habari za mpira au za homuwaki. Hiyo tu. Mtoto anayetembea na mwenzake ni vigumu kumtania.

Mwenye kuonewa naye asisikie mtu akimwambia ajikaze. Kusema kwa mwalimu si kushitaki wenzako. Anayeshitaki anataka mwingine aadhibiwe. Wewe unataka mambo yakome. Tumechagua kaye moja mpya, ya kifuniko cha buluu, si ile ya disiplini. Itakaa kwa mwalimu wa dini katika chumba kidogo karibu na kapela, na kwa wasichana mama mlinzi wa internati anayo ya pili. Utaandika au utasema na yeye ataandika, jina lako halitasomwa kwenye bendera. Kila Ijumaa nyuma ya saa ya mwisho makapita wawili, mvulana na msichana, watakaa na mwalimu na kutazama kilichoandikwa. Tunaanza Jumatatu.

Juu ya yule wa mafuta ya moto: wawili kati yetu walikwenda Jumamosi kumwona mama yake, na Prefe amekubali deni ilipwe kidogo kidogo. Kijana hajasema ndiyo. Aliuliza tu kama wale wawili wangali katika klasi ile. Tulimjibu kweli, kwamba wako. Akasema atafikiri. Yeyote wa klasi ile anayepita barabara ya Kasenyi, asimame amsalimu kwa jina lake. Mnalijua.

Sisi makapita wa wanafunzi,
kwa mkono wa kapita wa mwaka wa nne wa humanite